Kiswahili kina bahari. Mbona wanafunzi wetu hawaioni?

Mwanafunzi wa Kenya akiulizwa ataje wanyama kumi wa porini, hatakawia. Atataja simba, ndovu, chui, kifaru, nyati na twiga, na kabla hujamaliza kuhesabu vidole atakuwa amepita kumi. Mwanafunzi huyohuyo ukimsimamisha ufuoni wakati maji yamepwa, ukamwonyesha viumbe walio mbele ya macho yake, majibu yake yatakuwa matatu tu: huyu ni ndege, yule ni kaa, na ule ni mti.

Hili ni jambo la ajabu, na sisi walimu wa Kiswahili ndio tunaopaswa kulistaajabia kuliko watu wengine. Lugha tunayoifundisha ilikulia pwani. Misemo yake, mafumbo yake na methali zake zimekolea maji ya chumvi. Hata hivyo, tunaifundisha kana kwamba ilizaliwa ubaoni.

Chukua mfano mmoja. Mwanafunzi huandika katika insha kwamba fulani "alilala fofofo kama pono", akapewa alama kwa kutumia tashbihi nzuri. Lakini je, anamjua pono? Na mwalimu aliyempa alama, anamjua? Pono ni samaki wa miambani mwenye mdomo kama wa kasuku. Usiku ukiingia hujipenyeza mwambani akalala, na baadhi ya jamii yake hujifunika utando wa ute mwili mzima, mithili ya mtu aliyejitanda shuka. Waliobuni msemo huo walikuwa watu waliomwona pono kwa macho yao. Sisi tumeurithi msemo, samaki tukamwacha baharini.

Katika makala haya nataka kutetea jambo ambalo huenda likaonekana la kitoto kwa baadhi ya wenzangu, nalo ni matembezi ya kutazama viumbe na kuwapiga picha kandokando ya bahari yetu yenye maji vuguvugu. Ninayatetea kwa sababu ni somo la lugha, na ni somo ambalo muda wake unayoyoma.

Picha isiyo na jina

Siku hizi simu yenye kamera imeenea mno. Vijana hupiga picha kila wanachokiona, na sina ugomvi nao. Miaka thelathini iliyopita kamera ilikuwa mali ya mtalii na ya mpiga picha wa mjini. Filamu ilikuwa ghali na kusafishwa kwake kulichukua siku kadhaa. Leo mwanafunzi anaweza kumpiga ndege picha mia moja kwa muda wa dakika kumi bila kutoa hata senti. Hiyo ni neema.

Lakini picha humwonyesha kiumbe alivyo. Haimwambii mtazamaji kiumbe huyo ni nani, anakula nini, ametoka wapi, wala watu wa mahali pale wamemwitaje tangu zama za mababu zao. Mwanafunzi hurudi nyumbani na picha mia mbili alizoziweka chini ya maneno mawili, "ndege" na "bahari". Baada ya mwaka mmoja hazimwambii kitu, kwa kuwa hana neno la kuzitafutia. Kumbukumbu ya binadamu hushikilia jina kwanza, na mengine yote hulifuata jina hilo kama vifaranga wanavyomfuata mama yao.

Hori ya Mida

Nitatoa mfano wa mahali ninapopajua. Hori ya Mida iko kando ya mji wa Watamu, katika Kaunti ya Kilifi. Maji ya bahari huingia humo kupitia mlango mwembamba, yakatandaa juu ya tope na mchanga, kisha yakatoka tena, mara mbili kila siku. Eneo hilo ni sehemu ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na mwaka 1979 shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha yake ya hifadhi za viumbehai. Ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, ambao ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Na katikati ya bahari na msitu kuna magofu ya Gede, yaliyotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2024, ambamo kima huruka juu ya kuta za msikiti na jumba la mfalme kana kwamba wao ndio warithi.

Kwa maneno mengine, mtembezi anaweza kuyaona kwa siku moja mambo manne ambayo vitabu huyaweka katika sura nne tofauti: bahari, mikoko, historia na msitu.

Funzo la kwanza analolipata mtembezi huko Mida ni kusoma maji kabla ya kusoma saa. Nyakati za bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani ya Kenya hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita tatu hadi nne. Katika siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakaanza kujaa adhuhuri, na yakafika juu alasiri. Wakati wa maji mafu mambo huwa kinyume, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huwa ndogo.

Hayo si maelezo ya wavuvi peke yao. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali sana juu ya tope wakitafuta chakula. Maji yakianza kujaa, husukumwa hatua kwa hatua hadi karibu na mahali aliposimama mtazamaji. Mpiga picha asiyeijua bamvua huwakimbilia ndege matopeni, akazama hadi magotini, na ndege wakaruka. Anayeijua hukaa kitako chini ya kivuli cha mchu, akayaacha maji yamletee ndege. Hapo maneno "bamvua", "kupwa" na "kujaa" hukoma kuwa msamiati wa kukariri. Huwa ndiyo tofauti kati ya kupata picha na kuikosa.

"Basi hukumwona, mwanangu"

Mwezi Februari mwaka 2025 niliandamana na wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa tatu, wote wakisomea ualimu wa Kiswahili, kwenda kutembea Mida. Wengi walitoka bara, na watatu walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Tulikuwa na darubini mbili, kamera moja yenye lenzi ndefu, na simu za mkononi tele. Tuliongozwa na mzee mmoja aliyevua katika hori hiyo tangu utotoni.

Mwanafunzi mmoja alipiga picha nzuri sana ya ndege mkubwa wa rangi ya udongo mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Akamwendea mzee kwa adabu.

"Mzee, samahani. Ndege huyu anaitwaje?"

Mzee aliitazama picha kwa muda, kisha akauliza, "Alikuwa akila nini?"

"Sikuona, mzee. Nilikuwa nikimpiga picha."

"Basi hukumwona, mwanangu. Umempiga picha tu. Kaa hapa umtazame kwanza, kisha nitakwambia jina lake."

Kijana aliketi. Baada ya robo saa hivi alirudi na kueleza kwamba ndege yule alizamisha mdomo wake wote ndani ya tope, akauzungusha, akamtoa kaa mdogo na kummeza. Hapo ndipo mzee alipotamka jina: "Huyo ni sululu." Wanafunzi wote wakacheka kwa furaha, kwa maana walilijua neno sululu kuwa ni chombo cha kuchimbia ardhi ngumu, wala hawakujua kwamba kuna ndege mwenye jina hilo. Aliyekwisha kuuona mdomo ule ukichimba haulizi kwa nini chombo na ndege vinashiriki jina moja.

Kila ninapowafundisha wanafunzi uhusiano wa maana kati ya maneno, hueleza kwa dakika arubaini yale ambayo mzee yule aliyafundisha kwa robo saa, tena yeye aliyafundisha vizuri zaidi.

Mbele yetu walikuwapo pia ndege wadogo waliokimbiakimbia ukingoni mwa maji kwa miguu isiyoonekana kwa wepesi. Hawa wavuvi huwaita kitwitwi. Litamke jina hilo mara tatu kwa haraka, msomaji, nawe utamsikia ndege mwenyewe. Ni jina lililoundwa kwa kuiga sauti, kama yalivyo mengine mengi katika lugha yetu. Miongoni mwa ndege wadogo wa aina hiyo wamo wanaozaliana katika nyanda za baridi za Siberia, wakaja huku wakati wa kipupwe cha kwao, na kuondoka mnamo Aprili baada ya kujinenepesha kwa safari ya maelfu ya kilomita.

Lakini aliyenivutia mimi zaidi alikuwa ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama nyundo ya fundi. Nitamwita mla-kaa, kwa kuwa kaa ndio riziki yake. Ndege huyu huzaliana katika fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Baada ya hapo huja kwetu, na Mida ni mojawapo ya mahali ambapo mamia yao hukusanyika. Akipita juu ya maji nilikumbuka kwamba hiyo ndiyo njia iliyopitwa na majahazi ya Oman yaliyosukumwa na kaskazi, yakaleta tende na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Somo la jiografia, la historia na la lugha lilikuwa limesimama kwa miguu miwili mbele yetu.

Sarufi ya mikoko

Boriti hizo zinanifikisha kwenye miti yenyewe. Sisi wa bara tumezoea kusema "mikoko" tukidhani tumemaliza. Kwa mwenyeji wa pwani, mkoko ni mti mmoja tu kati ya jamaa wengi. Upo mkoko wenye mizizi inayotoka juu ya shina na kuinama kama miguu ya buibui. Huu ndio utoao boriti. Upo mchu, ambao mizizi yake ya kupumulia huchomoza kutoka matopeni kama penseli zilizochomekwa. Upo muia, ambao mizizi yake hujikunja kama magoti. Upo mlilana, ambao hukaa mbele kabisa baharini, na ambao mbao zake mafundi wa vyombo huzipenda kwa kutengenezea mataruma. Upo mkomafi wenye matunda makubwa kama mpira. Upo msikundazi. Na upo mkandaa, ambao magome yake hutumika kutia rangi na kulainisha ngozi.

Sasa angalieni jambo hili, wanafunzi wa isimu. Kando ya mkandaa upo mti mwingine uitwao kikandaa. Na kando ya mkomafi upo mkomafi dume. Waliovipa vitu hivi majina hawakuwa na maabara wala shahada. Hata hivyo waliona miti miwili inayofanana, wakaitofautisha kwa kiambishi kimoja tu: m- kwa huu, ki- kwa ule. Tunapomfundisha mwanafunzi kwamba kiambishi ki- huweza kuonyesha udogo, tunampa mfano wa "kitoto" na "kijiji". Kumbe mfano ulio hai unaota matopeni pale Mida, na mwanafunzi angeweza kuupiga picha na kuubandika ukutani darasani.

Ushairi nao haukusahauliwa. Kiumbe mwenye mikono mitano kama nyota wengine humwita nyota wa bahari, lakini wavuvi walikwisha kumpa jina lake: kiti cha pweza. Papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni, huitwa papa shilingi. Husimuliwa kwamba Mwenyezi Mungu alipendezwa naye akamrushia shilingi, nazo zikamganda mwilini. Msemo usemao kwamba mkoko ndio kwanza unaalika maua, maana yake kwamba mambo yameanza kunoga, ulitungwa na mtu aliyeusubiri mti huo uchanue.

"Aina ya ndege"

Hapa nawageukia wenzangu wa taaluma. Fungueni kamusi zetu mtafute majina ya viumbe wa baharini. Mara nyingi sana fasili huishia kwenye maneno matatu: "aina ya ndege", "aina ya samaki", "aina ya mti". Fasili ya namna hiyo ni mlango uliofungwa. Inamwambia msomaji kwamba neno lipo, lakini haimwezeshi kumtambua kiumbe akikutana naye.

Si lazima iwe hivyo. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alichapisha mwaka 1939 kamusi ambayo mpaka leo husifiwa kwa utajiri wa majina ya mimea na wanyama. Siri yake haikuwa ngumu: mbali na kuwa mwanalugha, alikuwa mkusanyaji wa mimea. Alitembea, akachuma, akauliza, akaandika. Kama mgeni aliweza kufanya hivyo bila kamera mkononi, je, sisi wenye lugha na wenye kamera tuna udhuru gani?

Jina lisipounganishwa na kiumbe chake hupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusukumwa na jina geni. Ndege mrefu wa waridi anayesimama kwa mguu mmoja katika maziwa yetu na katika mlango wa mto Sabaki ana jina la Kiswahili, heroe. Ni wangapi kati yetu walimu tunaolitumia? Tunasema na kuandika "flamingo", na wanafunzi wanaamini kwamba Kiswahili hakikuwahi kumwona.

Njia ya pili inahuzunisha zaidi. Nguva ni mnyama wa baharini mwenye kunyonyesha, mpole, anayekula majani ya baharini. Leo ni nadra mno kuonekana katika maji ya Kenya, kwa sababu ya kunaswa katika nyavu na kuwindwa. Na neno lenyewe limepatwa na nini? Muulize kijana yeyote nguva ni nini, naye atakwambia ni mwanamke wa hadithi mwenye mkia wa samaki. Mnyama alipoadimika, jina lake lilihamia katika ngano. Hivyo ndivyo lugha inavyozika wafu wake, na sitaki kuona sululu na kitwitwi wakifuata njia hiyo.

Yapo pia mambo ya kutia moyo. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke anaishi mnyama mdogo mwenye pua ndefu laini inayochezacheza, na sehemu ya nyuma yenye rangi ya dhahabu. Kiswahili humwita sange. Waingereza walimpa jina lililomfanya aonekane jamaa wa kirukanjia aliyechanganywa na ndovu. Uchunguzi wa chembe za urithi ulipofanywa katika miaka ya 1990, ilibainika kwamba hana ujamaa wa karibu na kirukanjia hata kidogo; yumo katika ukoo mmoja na ndovu, pimbi, muhanga na, msomaji, nguva. Wanasayansi wakaona jina la zamani linapotosha, wakaazima neno la Kibantu na kuanza kumwita "sengi" katika maandishi yao ya Kiingereza. Sayansi ya dunia imekuja kuomba jina kwetu. Je, tutampa mgeni jina na kulinyima mtoto wetu?

Adabu ya kamera

Matembezi haya yana adabu yake, na mwalimu atakayewapeleka wanafunzi hana budi kuisisitiza kabla hawajashuka garini.

Kwanza, picha haina thamani kuliko kiumbe. Ndege waliofika kutoka mbali wanahitaji kila dakika ya kula, na kila wanaporushwa hupoteza nguvu walizokuja kuzitafuta. Ukiona ndege ameacha kula na kukukodolea macho, umekaribia mno, rudi nyuma. Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye urefu wake ni sentimita 16 hivi, hulala mchana katika matawi ya chini. Asimulikwe kwa taa ya kamera, wala asisumbuliwe kwa kuigizwa mlio wake mara kwa mara.

Pili, kinachoonekana kama jiwe baharini huenda ni matumbawe hai, usikikanyage. Kiti cha pweza asitolewe majini ili apendeze katika picha, kwani anapumua majini. Makombe na magamba yaachwe yalipo. Yale yaliyo matupu ni nyumba za kaa wasio na gamba lao wenyewe.

Tatu, watu si mandhari. Mama anayekusanya chaza au mvuvi anayeshona wavu huombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha, na akikataa, mazungumzo huendelea kwa heshima ileile. Anza kwa salamu, kisha jina, kisha habari. Kamera na ije mwisho.

Nne, chagua wakati. Mwangaza wa asubuhi mapema na wa alasiri huonyesha rangi na umbo. Ule wa saa sita mchana hufanya kila ndege kuwa kivuli. Simama jua likiwa nyuma yako, inama uwe sawa na kimo cha kiumbe, na usubiri. Mvumilivu hula mbivu, na katika upigaji picha wa ndege hakuna njia nyingine ya kula.

Pingamizi

Nayajua majibu nitakayopewa. La kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba shule ya Busia au ya Kitui haiwezi kuwasafirisha wanafunzi hadi Kilifi kila muhula. Lakini ziko shule chungu nzima kutoka Vanga hadi Lamu ambazo bahari iko umbali wa kutembea kwa miguu. Kule Gazi, katika Kaunti ya Kwale, akina mama wamejenga kivuko cha mbao kinachopita ndani ya mikoko, na mgeni huingia kwa ada ndogo. Mida nako kipo kivuko kama hicho kinachoishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Shule za bara nazo zina mito, vinamasi na maziwa, na wazee wanaoyajua majina. Mbinu ni ileile.

Jibu la pili ni mtihani: haya hayatahiniwi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda, na kwamba masomo yasaidiane. Sioni ni kazi gani ingetimiza dai hilo kuliko mwanafunzi kumtazama kiumbe, kumhoji mzee, kuandika maelezo na kuyawasilisha mbele ya darasa. Humo kuna kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika kwa pamoja.

Jibu la tatu hutoka kwa wenzangu watetezi wa usanifu: majina ya wavuvi hutofautiana, ya Lamu si ya Mvita, na ya Mvita si ya Vanga. Nakubali. Hata jina moja huweza kubeba ndege wawili, na ndege mmoja kubeba majina matatu. Lakini hiyo ni sababu ya kuyakusanya, wala si sababu ya kuyaacha. Usanifishaji usiotanguliwa na ukusanyaji ni kuchagua mchumba kwa kufumba macho. Na hapa kamera inalipa deni lake: picha inaweza kuonyeshwa kwa mzee wa Lamu na mzee wa Vanga, nasi tukajua kwa hakika kwamba wanamzungumzia kiumbe mmoja. Krapf na Sacleux hawakuwa na silaha hiyo.

Albamu ya shule

Napendekeza, basi, jambo dogo. Kila shule ya pwani iwe na albamu yake ya viumbe. Kila ukurasa uwe na picha moja iliyopigwa na mwanafunzi, na chini yake yaandikwe mambo sita: jina au majina, aliyelitaja na anakotoka, mahali, tarehe, hali ya maji, na sentensi tatu zinazoeleza kiumbe huyo alikuwa akifanya nini. Sharti hilo la mwisho ndilo kubwa. Lisipokuwapo, tutarudi kwenye "aina ya ndege".

Albamu ya shule moja ni pambo. Albamu za shule hamsini, zikikusanywa na idara moja ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja, ni kamusi ambayo hatujawahi kuwa nayo.

Muda hautusubiri. Mjini Mombasa ndege anayejulikana zaidi na watoto ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, ambaye asili yake ni Bara Hindi, mwizi wa mayai na makinda ya ndege wenyeji. Amezidi kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa mamia ya maelfu. Fukwe zinagawanywa viwanja. Mikoko inakatwa pale ambapo hakuna anayeilinda. Na wazee wanaojua tofauti kati ya mkandaa na kikandaa wanatutoka mmoja mmoja, kila mmoja akiondoka na kurasa zake.

Walimu wenzangu, bamvua ijayo iko katika kalenda. Wapeni wanafunzi daftari kabla ya kuwaruhusu watoe simu mifukoni, mkamwalike mzee mmoja wa jirani afuatane nanyi. Kisha waambieni wasipige picha ya kwanza mpaka waweze kumjibu mzee huyo kiumbe waliyemwona alikuwa akila nini.